TAMKO LA TAWI: BINTI AKIRUDI KUTOKA CHUONI, TUMSIKILIZE KWANZA



Mwaka jana tawi letu lilichanga fedha kumpeleka chuo binti mmoja wa kata yetu. Wapo waliotoa fedha taslimu, wapo waliotoa debe la mpunga. Tukanunua godoro, ndoo na tranka, tukalipa nauli ya basi. Kila shilingi ina stakabadhi, na vitabu vipo kwa anayetaka kuvikagua.

Muhula wa pili haujaisha, binti akarudi nyumbani. Kijiweni ikasemwa amedisko. Mnadani ikasemwa amepata bwana. Kwenye kikao chetu mjumbe mmoja akauliza kama familia itarudisha michango, na sisi viongozi tukaliingiza swali hilo kwenye muhtasari kama ajenda. Tuliijua hesabu ya godoro lake mpaka senti ya mwisho. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza kilichompata.

Kilichompata ni hiki. Mwalimu wa somo moja alizuia alama zake, akamwambia azifuate gesti. Alikataa. Akapewa sapu, na msahihishaji wa sapu ni mtu yule yule. Akafunga begi. Ameturuhusu kuyasema haya bila kutaja jina lake wala la chuo. Tunawaomba msianze kubahatisha ni mtoto wa nani.

Kwanza, tunamwomba radhi yeye na mama yake. Tuliwahukumu kwa maneno ya kijiweni.

Pili, tuliite kosa kwa jina lake. Hayo si mapenzi ya chuoni, wala si tabia ya binti. Ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ilisema wazi: mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ilikuwa faini, au kifungo, au vyote viwili. Mwalimu aliyeshika kalamu ya alama ana mamlaka. Sheria hiyo inamhusu pia msimamizi anayeshika orodha ya vibarua mgodini.

Wapo watakaosema, "Mabinti wengine wanajipeleka wenyewe." Hoja hiyo iliwahi kufika hata bungeni. Mwaka 2024, katika marekebisho ya sheria hii, lilikuwepo pendekezo la kumhesabu mkosaji pia anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono. Wanaharakati wa haki za wanawake walilipinga wakisema litawafunga mdomo walioombwa, maana kila mwalimu angejitetea kwamba yeye ndiye aliyeshawishiwa. Sisi tunasema hivi: mwalimu akifuatwa na mwanafunzi kwa njia hiyo, kazi yake ni kukataa na kutoa taarifa. Kalamu iko mkononi mwake.

Jambo hili halikuanza leo. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wenzake. Wakati huo kulikuwa na kundi la siri lililojiita Punch, likibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wanawake. Watu walisoma, wakacheka, wakaingia darasani. Waliokataa kunyamaza ni wanawake, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoundwa mwaka 1987. TAMWA na wenzao waliendelea kusukuma suala la udhalilishaji wa wanawake mpaka Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998.

Novemba 2018, siku Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya chuo hicho hicho, mhadhiri Dkt. Vicensia Shule aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Ilikuwa miaka 28 tangu kifo cha Levina, na bado kusema kulihitaji ujasiri.

Tunajua baadhi yenu mnaona wanaharakati hawa ni watu wa mjini wanaovunja mila. Lakini tujikague. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Shinyanga, karibu wanawake sita katika kila kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15. Aliyeipeleka mahakamani ni mwanaharakati Rebeca Gyumi. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye.

Kwa hiyo binti wa Didia anayefika chuo amepita mlango mwembamba sana. Na huyu wetu, siku chache baada ya kurudi, watu wawili walishafika kwa baba yake kuulizia habari za ng'ombe. Mwalimu alimfukuza kwa mlango wa mbele, nasi tukamwandalia mlango wa nyuma.

Kamati ya tawi imekaa na kuazimia yafuatayo:

*1.* Ajenda ya kurudisha michango imefutwa.

*2.* Hakuna kiongozi wa tawi atakayekaa kikao cha kusuluhisha kesi ya namna hii kwa faini wala ng'ombe. Itapelekwa TAKUKURU, simu 113, bure. Penye shambulio au kubakwa, ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo.

*3.* Kila kijana wa kata anayekwenda chuo ataelezwa kabla ya safari: usifute ujumbe, andika tarehe na mahali, mwambie mtu mmoja unayemwamini, ulizia dawati la jinsia la chuo. Akina mama watawasimamia mabinti. Akina baba watakaa na wavulana, kwa sababu Punch lilikuwa kundi la wanafunzi, si la walimu.

*4.* Azimio hili linaanzia nyumbani. Kiongozi wa tawi atakayemtaka mwanamke kimwili ili jina lake lipite kwenye kura, kwenye kazi ya muda au kwenye safari ya kikao, ataripotiwa kwa sheria hiyo hiyo. Akiwa Katibu, aripotiwe Katibu.

Ndugu wanachama, binti anataka kurudi darasani. Malalamiko yake yameandikwa na kupelekwa panapohusika, na mama yake pamoja na wajumbe wawili wa kamati wanamsindikiza katika kila hatua. Kinachopungua ni nauli na ada ya muhula aliopoteza. Daftari la michango limefunguliwa tena leo. Stakabadhi zipo.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Didia.