Msalaba si Pambo

Wako ndugu wasemao ya kuwa Msulubiwa aliyechorwa na Emil Nolde, Mjerumani, mwaka 1912, ni tusi kwa Bwana wetu: rangi ni kali mno, mwili umekonda, uso hauna uzuri. Sisi twakataa. Je, misumari ile ilikuwa ya hariri? Twapenda picha za Yesu mwenye mashavu laini, kana kwamba yu usingizini, nasi twazitundika ukutani pasipo kutetemeka. Mwaka 1937 watawala wa Ujerumani waliitundika picha hii mjini Munich ili watu waicheke, ijapokuwa Nolde mwenyewe alikuwa mfuasi wa chama chao (aibu hiyo ni yake, wala hatumtetei). Wadaio uzuri pale msalabani na wasome tena Isaya, mlango wa 53.