Usugu wa Malaria si Sugu ya Kiganja

Mchuma majani chai wa Kericho au Bomet huota sugu kiganjani kwa kazi, lakini mwanawe hazaliwi nayo. Basi neno "usugu" laweza kumpotosha mwanafunzi, adhani vimelea vya malaria viliizoea klorokwini. La hasha! Vichache vilivyokuwa na badiliko la jeni vilinusurika, vikazaana na kurithisha badiliko hilo, vingine vikafa. Ndio uteuzi asilia aliouandikia Charles Darwin mwaka 1859. Malaria ilipozidi katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1990, watafiti walitaja udhaifu wa klorokwini miongoni mwa sababu. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza. Walimu, lifafanueni neno hili: dawa ya leo nayo yaweza kushindwa vivyo hivyo.