'TAYARI' YA NANI, BWANA?

Wiki iliyopita niliahidi mapenzi ya ofisini. Hayo yatasubiri, leo nina donge.

Zamani nilikuwa kitengo cha mauzo kwenye kampuni moja kubwa hapa Dar (jina nalihifadhi, bado nadaiwa mchango wa kikoba huko). Sisi ghorofa ya tatu, watu wa kompyuta chini kabisa, kwenye chumba cha baridi kama friji la soda. Sisi tuliwaona mafundi wa printa tu. Wao walituona mabrazameni wa tai.

Siku moja bosi wetu akamuuliza kijana wao: "Ile programu ya wateja vipi?"

"Iko tayari, mkuu."

Basi bwana! Tukatangaza redioni, tukachapa na fulana. Jumatatu foleni mpaka barabarani, mashine zimeganda. Kumbe "tayari" ya kijana ni kwamba ameshaiandika na mezani kwake inafanya kazi. "Tayari" yetu ni mama wa Manzese aje, alipe, aondoke. Hakuna aliyedanganya! Ila aliyetukanwa ni mimi niliyekuwa kaunta.

Usidhani ni ushamba wetu. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamishia wateja wake zaidi ya milioni 5 kwenye mfumo mpya. Taarifa zilifika salama, mfumo ukazimia. Watu hawaoni hela zao! Septemba mwaka huohuo mkurugenzi mkuu akaachia ngazi. Mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65, na 2023 aliyekuwa mkuu wa kompyuta naye akalimwa yake, pauni 81,620. Kosa? Hakuhakikisha vya kutosha kama waliopewa kazi wako tayari kweli. Neno lilelile, jamani.

Sisi tuliponea kwa dada mmoja wa kaunta aliyepewa meza kule chini mwezi mzima. Kila wakisema tayari, anauliza: "Nani kaijaribu? Na wakija mia kwa mpigo?" Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakawa wanamfuata wenyewe.

Yule kijana naye tukamleta kaunta siku ya mishahara. Alikaa saa mbili, akaomba maji. Programu iliyofuata aliichelewesha wiki tatu, na bosi hakufoka.

Haya, wiki ijayo mapenzi ya ofisini. Haki ya nani!