Karata Bila ya Dau

Wazazi wengi wa Moshi, waonapo karata mikononi mwa watoto, hukunja uso mara moja. Hatuwalaumu. Wamezoea kuziona vijiweni, fedha zikiwa chini na adhana ikipita pasi na mtu kuinua kichwa. Lakini yafaa tupambanue baina ya karata na dau.

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu amekataza kamari pamoja na ulevi, na sababu ameibainisha: kwa mambo hayo shetani hutia uadui baina ya watu, na huwazuilia na Sala. Basi penye dau, hata likiwa peremende moja, hapana mchezo tena. Wako pia maulamaa waliozikataza karata hata bila ya dau. Mwenye kufuata kauli hiyo na akate vipande vya boksi, aandike juu yake tarakimu 1 hadi 10, mara nne. Hesabu ni ile ile.

Majina ya karata ni ya zamani katika lugha yetu. Kopa, shupaza, pau na uru (si Uru yetu ya mlimani) yametokana na Kireno, na vivyo hivyo turufu na seti. Katika mchezo mmoja wa wazee wa pwani, ree huhesabiwa 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, na wa pili 2. Kila rangi ina 30, na zote nne ni 120. Basi mwenye kufikisha 61 ameshinda. Asiyejua kujumlisha hakuwa na nafasi mkekani.

Kwa watoto twapendekeza mchezo mwepesi zaidi, tena wa mbio. Ondoeni wazungu wote, zibaki karata 40, na ree ihesabiwe 1. Wachezaji wanne wagawiwe kumi kumi, zikiwa zimefunikwa. Wawili wafunue moja moja kwa pamoja: ikitoka 8 na 7, wa kwanza kusema "kumi na tano" azichukue zote mbili. Kisha wafuate wawili wengine. Mwenye kukosea hutoa karata moja kumpa mwenzake. Wakubwa wazidishe badala ya kujumlisha, ili mdogo asionewe. Zikimalizika zile za kugawiwa, mwenye nyingi ndiye mshindi, na tuzo yake ni kuzichanganya upya.

Huenda mtu akauliza, faida yake nini, na simu zipo? Twamjibu: simu haijui kama umedanganywa. Mkulima wa Machame apelekaye kahawa kwenye mizani, na mama auzaye ndizi Mbuyuni, humhitaji mtoto mwepesi wa hesabu aliye karibu. Dini nayo yataka hesabu. Zaka ya fedha ni fungu moja katika 40. Mke wa marehemu aliyeacha mtoto hupata thumuni. Yaani, katika shilingi 2,400,000 zilizobaki baada ya madeni na wasia, haki yake ni 300,000. Mjane akipewa 100,000, na nyumbani hapana ajuaye kugawanya kwa nane, atapokea na kushukuru. Dhuluma ya namna hiyo haihitaji bunduki; yatosha ujinga wa hesabu.

Basi miezi hii ya baridi, ukungu ushukapo mlimani na watoto wamejikunyata jikoni, mchezo na uwe baada ya Isha, nusu saa tu, na masomo yawe yamekwisha. Pasiwe na dau, wala kiapo, wala tusi. Na nyinyi wazee wenzetu, ketini mkekani pamoja nao. Mtoto achezaye mbele ya baba yake hana haja ya kwenda kutafuta karata kijiweni.

Wassalaam.