Jiwe Dogo, Rangi Kidogo, Hatari Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, siku ya kupumzika unaosha motokari yako na kuitazama pande zote. Unapofika kwenye mistari ya urembo ubavuni, unakunja uso: jiwe la barabara limebandua rangi, pahali padogo kama punje ya mchele.

Una haki ya kupatengeneza. Bati likibaki wazi, kutu inaingia chini ya rangi, na masika yakifika inaenea haraka. Lakini sisi tunaona jambo la kusikitisha: mtu anayevaa glavu na miwani kazini kila siku, akifika kwake anashika dawa za rangi kama anashika maji. Je, mapafu ya kazini na mapafu ya nyumbani si yale yale?

Fanya hivi. Osha, kausha. Kama mstari ni plastiki iliyobandikwa, usiusugue. Kata kipande kipya na ubandike. Kama ni rangi, bandika utepe wa karatasi kufuata kingo za mstari. Sugua polepole kwa msasa laini uliolowa maji mpaka kutu itoke. Maji yanazuia vumbi kuruka. Rangi za zamani, hasa za manjano na chungwa, zaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Pakikauka, weka rangi ya chini, kisha rangi ya mstari kwa ncha ya kijiti, tabaka nyembamba. Moja ikauke ndipo utie nyingine. Mwisho, verni. Lakini ile verni inayochanganywa na dawa ya kuikaza, waachie mafundi wenye vifaa, kwa sababu mvuke wake unaweza kuleta pumu.

Fanya kazi hiyo nje, penye upepo, bila sigara, mbali na mbabula ya mama. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini usipouona, unafuata makaa yalipo. Wala usinawe mikono kwa esansi, maana inapenya katika ngozi. Tumia mafuta ya kula kidogo, kisha sabuni.

Jambo linalotuuma zaidi ni chupa. Dawa ya kuyeyusha rangi inabaki kidogo, baba anaitia katika chupa ya limonadi, anaiweka nyuma ya mlango. Mtoto ana kiu. Chupa anaijua, dawa haijui. Mama, usikubali chupa hiyo ilale nyumbani mwako, hata kama baba atanuna. Dawa ikae katika kopo lake lenye jina, juu, chini ya kufuli. Na mtoto akinywa, usimtapishe kwa kidole wala kwa mafuta ya mawese, maana dawa ikirudi juu inaingia katika mapafu. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa ili mganga aione.

Tena, jiulize jiwe lilitoka wapi. Mara nyingi lilirushwa na matairi ya kamio uliyoifuata karibu mno. Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, makamio ya madini ni mengi. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 17. Acha nafasi ya sekunde 2 kwa uchache. Penye vumbi au changarawe, acha zaidi. Jiwe lililogusa mstari leo, kesho litavunja kioo mbele ya macho yako. Anayepaka rangi kila mwezi lakini hajifunzi kuacha nafasi, anatibu alama tu na kuacha ugonjwa.

Ndugu, jioni hii kabla ya kula, tazama chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Ile chupa iko wapi?