Kocha Mmoja Hatoshi: Ni Nani wa Kumtoa Mtoto Uwanjani?

Huenda nawe, ndugu msomaji, umewahi kuombwa mchango wa timu ya vijana ya kijijini kwenu. Aghalabu fedha zetu sisi watu wa mjini huishia katika jezi, mipira na kikombe. Si vibaya. Lakini ni wachache mno kati yetu wanaouliza swali lililo kubwa kuliko rangi ya jezi: mtoto akiumia, ni nani katika timu hiyo mwenye neno la mwisho la kumtoa uwanjani?

Katika timu nyingi jibu ni moja: kocha. Yeye ndiye huchagua wachezaji, hutafuta gari, hubishana na mwamuzi, hugawa maji na hufunga bandeji. Nasema kama daktari kwamba mpango huu ni wa hatari, na hatari yake huzidi mahali kama Sericho, katika Kaunti ya Isiolo.

Tazama mazingira yenyewe. Sericho ni nchi kame yenye joto kali, upande ambako mto Ewaso Nyiro unaelekea kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Hospitali ya kaunti ndogo ipo Garba Tulla, na ile ya rufaa ipo Isiolo mjini, safari ndefu. Mtoto akianguka uwanjani huko, dakika zile za kwanza ambazo huamua uhai wake zimo mikononi mwa watu waliosimama kando ya mstari. Kama mtu huyo ni mmoja tu, na macho yake yako kwenye mpira, basi mtoto hana mtu.

Simlaumu kocha. Tatizo si moyo wake, ni kazi mbili alizotwikwa ambazo hupingana. Kazi ya kwanza inamwambia ashinde. Ya pili inamwambia amtoe mshambuliaji wake bora dakika tano kabla ya kipenga cha mwisho.

Hata vilabu vya matajiri vimejikwaa hapa. Tarehe 8 Agosti 2015, Chelsea ilikuwa ikicheza na Swansea, tena kipa wake ameshatolewa kwa kadi nyekundu. Eden Hazard alianguka, mwamuzi akawaita matabibu, na Dk. Eva Carneiro akaingia pamoja na mwenzake. Kwa kuwa sheria humtaka mchezaji aliyetibiwa atoke nje kwa muda, timu ilibaki na watu tisa. Kocha Jose Mourinho alikasirika na kuwalaumu hadharani. Daktari huyo aliondolewa kwenye benchi, akaacha kazi, na mwezi Juni 2016 klabu ikamwomba radhi. Ikiwa daktari mwenye shahada anaweza kusukumwa kando hivyo, sembuse kijana wa kubeba maji?

Kumbuka pia fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 13 Julai 2014 jijini Rio de Janeiro. Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani mapema katika kipindi cha kwanza, akaachwa aendelee kucheza kwa takriban robo saa. Alipomwuliza mwamuzi kama mechi ile ndiyo fainali, ndipo ilipobainika kwamba ubongo ulikuwa umetikisika. Haya yalitokea mbele ya kamera na madaktari wa kila aina. Tangu Julai 2024 sheria za soka huruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyegongwa kichwa, ili timu isipate hasara kwa kumtunza.

Basi napendekeza kazi zigawanywe sehemu tatu. Kwanza, kocha wa mchezo: mazoezi, mbinu, nani aanze na nani akae. Pili, mlinzi wa afya: maji, kivuli, sanduku la huduma ya kwanza, na mamlaka ya kumtoa mchezaji bila kumwomba kocha ruhusa. Tatu, mlezi: safari, chakula, mazungumzo na wazazi, na masikio ya kumsikiliza mtoto mwenye jambo. Timu ikiwa ya wasichana, mlezi awe mwanamke, na mtu mzima yeyote asibaki peke yake faraghani na mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na uwanja haukuachwa nje ya sheria.

Mlinzi wa afya anahitaji kujua mambo machache lakini ayajue barabara.

Joto. Mazoezi yawe asubuhi mapema au jioni, na kila kipindi kiwe na mapumziko ya kunywa maji. Anayeanza mazoezi apewe wiki mbili za kuuzoesha mwili. Mtoto akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuzimia huku mwili unawaka, mwiteni msaada na mpozeni papo hapo: kivulini, nguo zipunguzwe, maji mwili mzima, apepewe. Mpozeni kwanza, gari baadaye. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Katika mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka 2025 uliangukia Machi, wakati wa jua kali, mazoezi magumu yangoje hadi baada ya futari.

Kichwa. Aliyegongwa na kuonekana kuduwaa, kusahau au kuumwa na kichwa ametoka kwa siku hiyo, hata akilia. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipatwa na degedege au maumivu yakizidi, apelekwe hospitali mara moja. Asirudi kwenye mechi mpaka dalili zote ziishe na mganga amruhusu.

Moyo. Aliyeanguka ghafla bila kugongwa, haitiki wala hapumui sawasawa, moyo wake huenda umesimama. Msaada uitwe, na kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike. Kazi hii hujifunzwa kwa siku moja.

Najua utaniambia, "Daktari, kocha mmoja tu tumempata kwa shida, hao wengine watoke wapi?" Sidai wataalamu. Nadai watu wazima watatu wenye majukumu yaliyotajwa kwa majina. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini. Mmoja wao, au mwalimu, au mama wa mchezaji, aweza kuifanya kazi hii.

Wengine watasema kocha atavunjiwa heshima. Wazee wa Kiborana wana jibu zuri kuliko langu. Katika visima vyao, mwenye kisima ni mmoja, na yupo mwingine, abba herega, anayesimamia zamu ya kunywesha mifugo. Kugawana kazi huko hakumvunjii mtu heshima. Huzuia ugomvi na kuokoa ng'ombe. Tuliyoyaona yafaa kwa ng'ombe hayawezi kuwa mengi mno kwa watoto wetu. Tena kocha mwenyewe hupumua: akimtoa mchezaji, mashabiki humlaani; akitolewa na mlinzi wa afya, lawama hazimfikii.

Wewe uliye mjini una nguvu katika jambo hili, kwa sababu mchango ni wako. Utakapoombwa tena, uliza majina matatu kabla ya kutoa shilingi: nani kocha, nani mlinzi wa afya, nani mlezi. Uliza kama kocha na wazazi wamekubali mbele ya wote kwamba neno la mlinzi wa afya halipingwi. Kisha sehemu ya fedha inunue mitungi ya maji, turubai la kivuli na sanduku la huduma ya kwanza, nyingine iwekwe akiba ya mafuta ya gari la kumkimbiza mgonjwa. Jezi zifuate. Na kama mwanao anacheza hapa hapa mtaani, swali ni lile lile, nawe unaweza kuliuliza Jumamosi hii.