USINGIZI WA BAHARIA NI HAKI YAKE

Ndugu wanachama, sisi watu wa visiwa chakula chetu huja kwa bahari, lakini ni nadra kuuliza: je, aliyekileta alilala?

Tarehe 3 Aprili 2010 meli Shen Neng 1, yenye shehena ya makaa ya mawe, ilipanda mwamba wa Great Barrier Reef huko Australia. Uchunguzi ulibainisha kuwa afisa wa zamu alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wampa baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Lakini karatasi hailazi mtu. Mabaharia wakiwa wachache, zamu ya saa sita kwa sita huukata usingizi vipande vipande, na kelele za mashine humaliza kilichosalia. Kisha huja hamaki, huzuni na fikira za nyumbani. Mwaka 2020, kwa maradhi ya korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini hali mikataba yao imekwisha.

Meli za kigeni huandikishwa hapa Unguja na kutweka bendera ya Tanzania. Basi twasema wazi: mwenye kupokea ada ya bendera amechukua na dhamana ya roho zilizo chini yake. Wakaguzi wasitosheke na daftari la saa. Wahesabu watu na zamu. Usiku wa kupumzika Mwenyezi Mungu amemjaalia kila mja. Tajiri wa meli hana ruhusa ya kumnyang'anya.